Watu Wawili, Mikono Miwili

Mkono wa Petro ulichukuliwa na serikali, wa Bernardo ukachukuliwa na tajiri, na mashine iliyoichukua ilikuwa ile ile moja. Jambo kama hilo lingewanyamazisha watu wengine wazima. Hawa wawili ndilo lililowapa la kusema miaka nenda miaka rudi.

Mashine yenyewe iliitwa korona, tangu enzi za wakoloni, kabla jina hilo halijapewa ugonjwa. Kazi yake kiwandani ilikuwa kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, na mlishaji akizubaa kidogo ilimkwangua naye bila kubagua. Petro, Mshambaa wa Bungu, aliteremka milimani akiwa kijana kuja kukata mkonge Korogwe, na baadaye kulisha korona, wakati mashamba yalipokuwa ya umma. Mkono wake wa kulia ulikwenda mwaka wa vita vya Kagera. Breki ya korona ilikuwa imekufa, kipuri kilikuwa kinasubiriwa kutoka Tanga, na meneja alisema mkonge wa taifa hauwezi kuozea shambani kwa sababu ya kipuri. Bernardo, Mzigua wa Kwaluguru, mdogo wake kwa miaka kama kumi, aliupoteza wa kushoto baadaye sana, shamba likiwa limeshauzwa kwa mwekezaji. Siku hiyo breki ilikuwa nzima, tena mpya. Kilichokosekana ni kinga ya chuma ya mbele, ambayo ilifunguliwa makusudi kwa sababu ilikuwa inachelewesha kazi.

Baadaye mwekezaji naye akachoka. Korona ikang'olewa ikauzwa chuma chakavu, na kambi ya wafanyakazi ikabaki na wale wasio na pa kwenda. Petro hakuwa na pa kwenda kwa kuwa shamba la baba yake Bungu lilishagawanywa kwa ndugu wenye mikono yote. Bernardo alirudi Kwaluguru msimu mmoja, akajaribu kulima kwa mkono mmoja, akarudi kambini akiwa amekonda na hakutaka kuulizwa habari za huko.

Waligundua kazi yao kwa bahati tu, wakitafuta kuni. Nyuma ya kiwanda kingine kilichokuwa bado kinafanya kazi kulikuwa na nyuzi za mabaki ambazo wenye kiwanda hawakuzitaka, na wafugaji wa Handeni walihitaji kamba za kufungia ng'ombe. Kamba ya ng'ombe haisokotwi kwa mkono mmoja. Unaweza kubana kwa vidole vya miguu, unaweza kushika kwa meno, na Petro alivijaribu vyote viwili, lakini kinachotoka hapo ni uzi wa kufungia mdomo wa gunia. Kamba hasa inataka mkono huu usokote uzi wake na mkono ule usokote wa kwake, kisha zipishane kinyume, kila uzi ukitaka kufumuka na mwenzake ukiukatalia.

Kwa hiyo waliketi kwenye gogo moja mbele ya mlango wa Petro, Petro kushoto na Bernardo kulia, vigutu vyao vikigusana katikati. Ukiwaangalia kwa nyuma ungesema ni mtu mmoja mnene anayesokota kamba. Walichopata waligawana nusu kwa nusu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake amesokota kiasi gani. Wangeulizana nini, na kamba haina sehemu ya Petro wala sehemu ya Bernardo? Wote wawili walijua vizuri kwamba siku mmoja akiondoka, yule mwingine atalala njaa, tena si siku moja tu.

Na mdomo haukufungwa tangu asubuhi mpaka jua linashuka.

Jambo la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba kila mmoja aliutetea utaratibu ambao haukumkata mkono. Petro, aliyekatwa na mali ya umma, alikuwa mtu wa matajiri kufa na kupona. Bernardo, aliyekatwa na mali ya mtu, aliililia serikali ya zamani mpaka ukamwonea huruma.

"Wewe ulikuwa mtoto," Petro alikuwa akisema. "Unakumbuka uji wa shule. Mimi nakumbuka foleni ya sabuni. Nakumbuka mshahara unaokuja mwezi si wake. Ile korona ilikuwa ya wananchi wote, milioni ngapi sijui, na hakukuwa na hata mmoja wa kwenda Tanga kuleta breki!"

"Na ya tajiri ilikuwa na mwenyewe, kaka Petro. Mwenyewe alikuja na spana akafungua kinga. Nilimwona kwa macho yangu."

"Lakini ulipelekwa hospitali kwa gari. Mimi nilipelekwa kwa trekta. Gari la wagonjwa la shamba la umma halikuwa na mafuta. Nimelala kwenye tela juu ya majani ya mkonge, kila shimo la barabara likinirusha mpaka mbinguni."

"Gari! Gari lilinifikisha, halafu? Wewe ulipotoka hospitali ulipewa ulinzi wa getini na chumba hiki hiki unachokaa. Mimi nilipewa gunia la sembe na nauli ya Kwaluguru. Tajiri alisema kampuni inanitakia kila la heri. Heri ya nini, na mkono ameubakiza yeye?"

Habari ya gunia la sembe ilimuuma hata Petro. Kisha angekumbuka ushirika wa pamba na makarani walioula, au vijiji ambavyo watu walihamishiwa kwa lori na nyumba zao zikabaki nyuma bila mapaa, na wangeanza upya. Bernardo angejibu kwa zahanati ya kambi iliyokuwa na dawa bure na sasa ni banda la mbuzi. Petro angeuliza dawa hizo zilikwenda wapi, nani aliziiba kama si watumishi wa umma. Nyuzi zilikuwa zikipishana muda wote huo, na kamba ikirefuka miguuni mwao.

Mteja wao mkubwa alikuwa Parsimei, mfugaji wa tambarare za Handeni, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuja kila baada ya miezi michache kuchukua kamba, zake na za ndugu zake. Alizivuta mbele yao kwa nguvu zote, akaridhika, akaketi chini kuwasikiliza. Siku moja aliwaambia kwamba kwao mtu akiishiwa ng'ombe ukoo wake unamchangia, huyu mtamba, yule ndama, mpaka asimame tena, na hakuna serikali wala tajiri anayeitwa.

"Na ukame ukiwamaliza ng'ombe wa ukoo mzima?" Petro aliuliza.

Parsimei alifikiri. "Hapo tunakuwa maskini pamoja," alisema. Kisha akawatazama vile vigutu viwili vilivyogusana. "Na nyinyi mnaitwaje? Hii yenu ni ya serikali au ya tajiri?"

Walitazamana. Bernardo alisema ni ya njaa, wakacheka, na lile swali likapita.

Ukame aliouuliza Petro ukaja. Kwenye tambarare za Handeni ng'ombe walilala chini na hawakuamka, na mwaka huo Parsimei alikuja na mzigo wa kamba begani badala ya kuja kuzichukua. Aliuweka mbele yao kwenye vumbi. Zilikuwa kamba zao wenyewe, bado nzima, nyingine zina manyoya ya ng'ombe kwenye fundo.

"Hizi zimebaki," alisema. "Wa kufungwa hawapo."

Hakuomba kitu. Aliziacha tu, kwa kuwa ilimwuma kuziona boma likiwa tupu, akaondoka kwa miguu. Petro na Bernardo hawakubishana siku hiyo. Na tangu hapo zile kamba mpya walizosokota zilirundikana ukutani hazina mnunuzi, na sufuria zao zikaanza kubandikwa jikoni mara moja kwa siku.

Ndipo akaja Frank. Alikuwa kijana mfanyabiashara wa Segera, pale njia ya Tanga, ya Arusha na ya Dar zinapokutana, na duka lake lilikuwa la maturubai, kamba na vifaa vya kufungia mizigo, pamoja na chumvi na sabuni za madereva. Aliteremka kwenye pikipiki siku ya Jumamosi asubuhi, akaamkia vizuri, akaishika kamba ya ukutani akaivuta.

"Shikamooni wazee wangu. Kamba yenu kali sana. Ila haina soko, ng'ombe wamekwisha. Malori ndiyo yaliyobaki." Akaeleza kwamba amenunua mashine ya kusokotea, ya kukanyaga kwa miguu. Mtu anakanyaga, gurudumu linasokota, yeye kazi yake ni kulisha nyuzi tu. "Na kulisha unahitaji mkono mmoja. Nikawakumbuka nyinyi. Mshahara kila wiki, chakula cha mchana juu yangu. Kibarua wangu niliye naye nyuzi hazijui kabisa."

"Mashine ngapi?" Bernardo aliuliza.

"Moja, mzee wangu. Mtu mmoja. Jumatatu naanza. Ongeeni wenyewe, sitaki kuwagombanisha."

Pikipiki iliondoka. Kama kulikuwa na saa ya kujadili mali ya nani ni bora kuliko ya nani, ilikuwa hiyo, na hawa mabingwa wa mjadala wakainamia kazi. Petro aliokota nyuzi. Bernardo aliokota zake.

"Mimi siendi popote," Petro alisema baada ya muda.

"Wala mimi," alisema Bernardo. "Nimwache nani hapa?"

"Vijana hawa wanadhani mtu ni kifaa."

"Ndiyo zao."

Waliafikiana! Ingekuwa siku nyingine Petro angeshtuka kwa hilo peke yake. Mchana Bernardo alisema anakwenda Korogwe mjini kuangalia dawa ya kifua, akaondoka, akarudi jioni. Jumapili baada ya misa alimletea Petro bakuli la makande yenye nazi, kitu ambacho hakikuonekana kambini muda mrefu, wakala pamoja kwenye gogo. Bernardo alimsukumia maharage yote upande wake.

Petro alikula macho yakiwa kwenye bakuli. Alikuwa ameshaamua. Alikuwa mzee kuliko mwenzake, njaa ilikuwa inamwingia mifupani, na alijiambia kwamba Bernardo bado ana nguvu, atapata la kufanya. Alijiambia pia kwamba atamletea chochote kila mwisho wa wiki. Isitoshe ni yeye aliyewatetea matajiri miaka yote. Kama kuna tajiri aliyekuja na nafasi moja, ilikuwa haki yake kuliko ya mtu aliyewatukana. Mawazo ya namna hiyo ukiyafikiri huku unatafuna makande ya mwenzako hayana ladha nzuri. Alimaliza bakuli lote hata hivyo.

Jumatatu alivaa shati lake la kanisani, akaubana mkono mtupu wa shati kwa pini, akatoka mapema kabla ya moshi wa majirani. Hakupita mbele ya mlango wa Bernardo. Alizunguka nyuma ya nyumba, penye majani na mavi ya mbuzi, akiinua miguu kama mwizi. Kwa mbali aliona mlango wa Bernardo umefungwa. Masikini, bado amelala, Petro alisema moyoni, na machozi yakamlenga kweli, maana alimpenda yule mtu. Aliona aibu na akaendelea kutembea.

Lori la mchanga lilimpa lifti mpaka Segera. Pale njia panda wauza machungwa walikuwa wameshaanza kukimbilia mabasi. Aliuliza duka la Frank, akaelekezwa nyuma ya kituo cha mafuta, na kabla hajafika alisikia gurudumu likizunguka.

Bernardo alikuwa ameketi kwenye mashine. Amevaa shati lake la misa, mkono mtupu umebanwa kwa pini. Miguu inakanyaga, mkono wa kulia unalisha nyuzi, na mbele yake kamba inatoka yenyewe, haraka, bila kumhitaji mtu wa kushoto.

Miguu ya Bernardo ilisimama. Gurudumu likazunguka kidogo likatulia.

"Kaka Petro."

"Bernardo."

Frank alitoka dukani akifuta mikono. "Ah, mzee Petro, shikamoo! Umekuja kumwona mwenzako? Alinijia siku ile ile Jumamosi, saa tisa tu yuko hapa. Nikasema wazee wa siku hizi wana kasi."

Petro alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira mwili mzima na ilikuwepo, ilikuwa nyingi, lakini hakuwa na mahali pa kusimama ili aitoe. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: makande yale, na lile neno "wala mimi", na dawa ya kifua. Kisha akaona macho ya Bernardo yakishuka polepole kutoka usoni kwake mpaka kwenye shati la kanisani, yakakaa kwenye ile pini.

"Umefuata nini Segera?" Bernardo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chumvi," alisema Petro.

"Chumvi."

"Imekwisha nyumbani."

Bernardo aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka. Frank alisema mashine isisimame, lori la Arusha linasubiri kamba, na Bernardo akaanza kukanyaga tena. Petro alinunua chumvi dukani kwa Frank huyo huyo, kwa kuwa alishaisema, akarudi nayo kambini.

Bernardo hakulala tena kambini. Frank alimpa kona ya ghala, ili alfajiri asichelewe. Mwisho wa wiki ya kwanza alimtuma dereva na kifurushi cha unga kwa Petro, na Petro akakirudisha. Wiki ya pili kilikuja tena, akakipokea, akakila, akajichukia. Wiki ya tatu hakikuja, na hakukuwa na wa kumlaumu.

Alikaa kwenye gogo lile lile, upande wake ule ule wa kushoto. Alifunga nyuzi kwenye kigingi akajaribu kusokota peke yake. Alijaribu kumwita jirani fulani amsaidie, lakini wenye mikono miwili walikuwa na kazi zao. Jambo lililomshangaza ni kwamba njaa haikumsumbua kama ule ukimya. Alikuwa na hoja nzuri sana kuhusu matajiri, aliyoipata njiani akitoka Segera, na hoja yenyewe ilikuwa ya upande wa Bernardo. Hakuwa na wa kumwambia.

Mvua za vuli zilinyesha mwaka huo, zikachelewa lakini zikanyesha. Parsimei akatokea, amekonda, anatembea kwa haraka.

"Nimepata wawili," alisema hata kabla hajaketi. "Mjomba mmoja, na shemeji mmoja. Mitamba. Waliobakiwa wametoa. Naomba kamba mbili."

Petro alifurahi kwa ajili yake, furaha ya kweli, ya kwanza tangu ukame. Alitazama ukutani. Zile za zamani alishaziuza moja moja kwa wabeba mkaa kwa bei ya kutupa, pamoja na zile Parsimei alizoziacha, na akaona haya kusema hivyo.

"Keti hapa," alisema, akapiga gogo upande wa kulia. "Nipe mkono wako wa kulia."

Parsimei aliketi. Alishika uzi kama alivyoelekezwa, akasokota, akapisha. Alikuwa na nguvu na alikuwa na nia njema, lakini kila mara vidole vyake vilisokota upande wa kumridhisha Petro, kufuata kule Petro anakopishia, kwa heshima. Walisokota urefu wa hatua chache. Petro alipoachia, kamba ilizunguka yenyewe kwenye vumbi ikafumuka yote.

"Nimekosea wapi?" Parsimei aliuliza.

"Hujakosea. Umekubaliana nami tu." Petro aliokota zile nyuzi akaziweka magotini. "Nenda Segera, nyuma ya kituo cha mafuta. Kuna kamba za mashine, ngumu. Bernardo yuko huko."

"Yule wa serikali? Ameajiriwa na tajiri?"

"Ndiye. Ukimwona mwambie..." Alisita. Miaka yote ile hakuwahi kutamka neno hilo, na sasa lilitoka kwa tabu. "Mwambie Petro amesema Bernardo ndiye aliyekuwa sahihi. Kuhusu gunia la sembe na mengine yote. Mwambie anijibu."

Parsimei alikwenda. Alirudi siku ya tatu akielekea kwao, na kamba mbili mpya begani, nyeupe, zinang'aa. Petro alikuwa amemwona tangu mbali, akasimama kumlaki.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Parsimei alibadilisha kamba bega. Hakupenda kuleta habari za namna hiyo.

"Hakusema kitu. Alinionyesha kwa kichwa nitoke nje. Baadaye, wakati wa chakula, alikuja akaniambia tajiri wake hataki mazungumzo watu wakiwa kazini. Mkono unapungua kasi."

"Na wakati huo wa chakula? Hapo hakujibu?"

"Alikuwa anakula, mzee. Alisema muda ni mfupi."

Petro aliitikia, akamshukuru, akawatakia mitamba yake uzima. Kisha akarudi kuketi kwenye gogo, upande wake wa kushoto.